Jinsi ya kulishika neno "stricken" bila kuwakosea waliopigwa

Mwaka 1994 nilikuwa mtafsiri mchanga kwenye dawati la habari za nje la redio moja. Kazi yangu ilikuwa kuchana karatasi ndefu zilizotoka kwenye teleprinta, kuchagua habari tatu nne, kuzitia Kiswahili na kumkabidhi msomaji kabla ya saa mbili usiku. Usiku mmoja ilikuja nyongeza fupi ya mistari miwili kuhusu meli ya mizigo. Ilisema meli ya pili ya kuvuta imeondoka bandarini kuelekea kwa "the stricken crew". Habari yenyewe ilikuwa imekuja mchana, zamu ya mwenzangu, na mimi sikuwa nimeisoma. Nilijua "stricken" limetokana na "strike", na "strike" nililijua kwa maana moja iliyonijaa kichwani, ya kugoma, kwa sababu habari za migomo zilikuwa haziishi mezani. Nikaandika "mabaharia waliogoma", na msomaji akaisoma hivyo hivyo.

Robo saa haikupita, simu ikalia. Alikuwa mama mmoja, lafudhi ya kwetu Tanga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu, bila hasira: "Mwanangu, mume wangu yumo kwenye chombo hicho. Mchana mmesema wamepigwa na bahari. Sasa mnasema wamegoma. Watu wanaozama wanagomaje?"

Tulisoma sahihisho saa tatu. Mabaharia waliokolewa kesho yake, na yule mama alinipigia tena kunijulisha. Lakini swali lake limekaa nami miaka yote hii, na ndilo linalonifanya niandike mwongozo huu. Nimefanya tafsiri za habari, za mashirika ya misaada na sasa vipeperushi vya afya, na katika kazi zote hizo "stricken" limerudi mara kwa mara. Ni neno la watu waliofikwa na balaa. Ukilikosea, anayeumia ni mtu ambaye tayari ana maumivu.

Anza kwa kulitenga na mgomo. "Strike" ya kugoma ina umbo lake: waliogoma ni "striking workers" au "workers on strike". "Stricken" haimaanishi mgomo hata siku moja. Ukikutana na "stricken miners" jua hao ni wachimbaji waliofunikwa na kifusi, au waliofikwa na balaa jingine, wala hawadai mishahara. Liandike kwenye karatasi, libandike mezani. Mimi nilifanya hivyo.

Matamshi yake ni mepesi: stri-ken, mkazo uko mwanzoni, na ile "e" ya mwisho humezwa karibu yote.

Sasa asili yake, na hapa naomba uvumilivu kidogo, maana ukishaiona asili hutahitaji kukariri. Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi "strican", nacho kilikuwa na maana ya kupangusa, kupitisha kitu juu ya kitu, na pia kwenda, kusonga mbele. Maana ya kupiga ilikuja kukua baadaye mpaka ikazifunika zile nyingine. Lakini zile za kale hazikufa kabisa. Zimejificha ndani ya "stricken", na ndizo zinazowaangusha watafsiri.

Chukua ile ya kupangusa. Bibi yangu alikuwa akiuza nafaka Pangani kwa kibaba. Alikijaza kibaba mpaka kikafanya kilima, kisha akapitisha kijiti ukingoni, na kilima chote kikaporomoka kurudi kwenye pakacha. Hicho kiliitwa kibaba cha mfuto, tofauti na kibaba cha tele ambacho kilima chake huachwa. Wafanyabiashara wa nafaka wa Kiingereza walikuwa na kijiti kile kile, nao wakakiita "strike", na kipimo kilichosawazishwa kwacho kikaitwa "stricken". Mfuto hasa! Na angalia Kiswahili chetu: kitenzi kile kile cha kufuta ndicho tunachotumia kwa jina lililoondolewa kwenye orodha. Kiingereza nacho kimekwenda njia hiyo hiyo. Mahakamani Marekani, hakimu akiamuru maneno ya shahidi yaondolewe kwenye kumbukumbu, maneno hayo ni "stricken from the record". Yamefutwa. Hakuna aliyeyapiga wala kuyatesa.

Ukifanya kazi ya kutafsiri nyaraka za mahakama za kwetu, utaliona kwa nadra. Mahakama za Kenya na Tanzania zimerithi Kiingereza cha Uingereza, na humo utakutana na "expunged" kwa maneno yaliyofutwa kwenye kumbukumbu, na "struck out" kwa shauri au rufaa iliyoondolewa kwa sababu ya kasoro. Hapo kuwa mwangalifu kwa jambo jingine. Rufaa iliyo "struck out" haijaamuliwa, mwenyewe anaweza kurekebisha kasoro na kuirudisha akifuata taratibu. Iliyo "dismissed" imekataliwa. Magazeti yetu huyaandika yote mawili kuwa "imetupwa", na ndugu za mfungwa wanaposoma hivyo hukata tamaa pasipo lazima.

Maana hii ya kufuta ina mtego mmoja wa hatari kwenye habari za bahari. Jeshi la Majini la Marekani lina rejista ya meli zake, na meli ikiondolewa kwenye rejista ile husemwa ni "stricken". Kwa hiyo "a stricken ship" yaweza kuwa meli inayozama na watu ndani, au meli kuukuu iliyofungwa gatini, haina mtu, imefutwa tu daftarini. Tafuta neno "register" karibu yake. Likiwepo, ni kufutwa. Lisipokuwepo, tafuta watu.

Ile maana ya kwenda imebaki mahali pamoja tu, kwenye umri. Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 inasema Ibrahimu na Sara walikuwa "well stricken in age", na katika Luka sura ya kwanza wazazi wa Yohana walikuwa "well stricken in years". Nimewahi kusahihisha kazi ya kijana aliyeandika kwamba wazee hao "walipigwa sana na miaka". Sentensi tamu, lakini haikuwa maana yake ya asili. Maana yake ni kwamba wamekwenda sana katika umri, wamekula chumvi nyingi. Leo hakuna anayesema hivyo ila kwa kuigiza lugha ya zamani, kwa hiyo wewe ukiandika Kiingereza chako mwenyewe, liache.

Sasa tufike kwenye kipigo chenyewe.

Mimi ni Mwislamu, na aliyenifungua macho kuhusu neno hili alikuwa mwenzangu wa dawatini, Mkristo, aliyenisomea Isaya 53 aya ya nne kwa lugha mbili. Kwa Kiingereza cha 1611 yule mtumishi wa Mungu ameitwa "stricken, smitten of God, and afflicted". Tafsiri ya Kiswahili inayosomwa sana makanisani inasema watu walidhani "amepigwa, Amepigwa na Mungu, na kuteswa". Kiingereza kimetumia maneno matatu, na watafsiri wa Kiswahili wakarudia kupigwa mara mbili. Wapo wanaodhani walipungukiwa na msamiati. Mimi nadhani walisikia vizuri sana. Maneno yale matatu yote ni ya kipigo: "stricken" ni kupigwa, "smitten" ni kupigwa, na hata "afflicted" limetoka kwenye Kilatini chenye maana ya kubamiza, kuangusha chini. Kiingereza kimekusanya mapigo matatu mstari mmoja.

Nami nikamjibu kwa ya kwetu. Neno letu msiba limetoka kwenye Kiarabu, kwenye kitenzi chenye maana ya kupata shabaha, kama mshale unavyopata. Katika Suratul Baqara, aya ya 156, wanatajwa watu ambao wakipatwa na msiba husema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Kwa Kiarabu kitenzi na nomino pale ni mzizi mmoja: kilichopiga kimewapiga. Ndiyo maana tunasema "yaliyomsibu". Kila unaposema "nini kimekusibu, dada?" umeshatamka "stricken" kwa njia yetu.

Nimekaa kwenye jambo hili kwa sababu ndilo ufunguo. Watu wengi hutafsiri "stricken" kwa "aliyeathirika" kila mahali, kama muhuri. "Kuathirika" ni alama inayobaki baada ya tukio. Bei ya mafuta ikipanda sote tumeathirika. "Stricken" ni zaidi: kitu kimetoka nje ya mtu, hakukiomba, kimempiga ghafla au kwa uzito, na bado yuko chini yake, hajanyanyuka. Ukikosa moja kati ya hayo, neno hilo si lake.

Lijaribu kwa kulilinganisha na jirani zake. "Ailing" ni mgonjwagonjwa, anayezorota polepole. Hutumika pia kwa kampuni inayodhoofika. "Afflicted" huchukua muda mrefu, ni mtu aliye katika mateso. "Stricken" lina kishindo. Na "smitten", lile la Isaya, leo limehama nyumba kabisa: kijana akiwa "smitten" amezama kwenye mapenzi. Nimeona kichwa cha habari kimoja kikitafsiriwa "Mwanamuziki apigwa na mwigizaji", kumbe kampenda.

Kisarufi, jambo la kwanza ni kulitofautisha na "struck". Vyote viwili ni watoto wa "strike", lakini wamegawana kazi. Kwa kipigo cha mwili, cha kawaida, ni "struck". Aliyegongwa na gari ni "struck by a car". Aliyepigwa na radi ni "struck by lightning". Ukiandika "the car has stricken him" msomaji wa Kiingereza atasita, atadhani unasoma maandiko. "Stricken" linakuja pale kipigo kilipoacha kuwa cha ngumi au chuma na kuwa cha balaa: ugonjwa, njaa, hofu, majonzi. Hata kwenye maneno ya kuunganishwa mgawanyo huu unaonekana. Vitu vya kustaajabisha na vya kupendeza huenda na "struck": "starstruck", "awestruck", "thunderstruck". Vitu vya kuumiza huenda na "stricken": "grief-stricken", "poverty-stricken", "panic-stricken". Si sheria ya chuma, kwa sababu "horror-struck" ipo na inasemwa, lakini ukiwa na shaka itakufikisha.

Likifuatwa na sababu, ugonjwa na hisia hupenda "with": "stricken with fever", "stricken with guilt". Maafa ya eneo hupenda "by": "a region stricken by drought". Kwa ugonjwa utaona pia "by", usishtuke. Likiwa mbele ya nomino husimama peke yake: "a stricken family", "a stricken face". Huo uso, kwa njia, ni mmoja wa matumizi mazuri kabisa ya neno hili. Ni uso wa mtu aliyepokea habari sekunde hii, damu imemkauka, hajalia bado. Kiswahili kinasema "uso umemshuka" au "amesawijika", na hapo usitafute lolote jingine.

Vitu visivyo na roho je? Meli, ndege, chombo cha angani, mji. Angalia vinavyofanana: vina watu ndani. Aprili 1970 tangi la oksijeni lilipolipuka kwenye Apollo 13, chombo kile kikaitwa "stricken" mpaka wanaanga watatu walipotua salama baharini tarehe 17. Baiskeli iliyopasuka tairi haiitwi hivyo. Kwa hiyo ukitafsiri, usiseme "chombo kilichoharibika", maana hicho chaweza kuwa redio ya fundi. Sema "kilichopatwa na ajali", "kilicho hatarini", "kilichofikwa", ili msikilizaji ajue kuna roho za watu mle.

Sasa yale maneno ya kuunganishwa, ambayo ndiyo utakayokutana nayo mara tisa katika kumi. Kosa kubwa la watafsiri wetu ni kutafuta neno moja la Kiswahili litakaloingia kila mahali. Halipo, wala halihitajiki. Kiswahili kimempa kila msiba kitenzi chake. Maafa ya nchi hukumba. Hofu huingia, au hushika. Ugonjwa hushika, hupata. Mshangao hupiga: tunapigwa na butwaa, tunapigwa na bumbuwazi. Hata kiharusi husemwa "kimempiga", na jina lake la Kiingereza, "stroke", ni la ukoo mmoja na "strike". Huzuni hujaa na hulemea. Dhamiri, hiyo hufanya kazi ya peke yake: inasuta.

"Conscience-stricken" ndilo ninalolipenda kuliko yote kutafsiri, kwa sababu Kiswahili kinashinda hapa. "Anayesutwa na nafsi yake." Kusuta, kwetu pwani, si kulaumu tu. Ni kumkabili mtu mbele ya watu, umtolee uongo wake hadharani. Mwanamke anaposutwa mtaani, mtaa mzima unatoka mlangoni. Nafsi inapokusuta, basi, wewe mwenyewe umekuwa mtaa na mshitakiwa kwa pamoja. Usiandike "aliyeathiriwa na dhamiri". Tafadhali.

"Panic-stricken" ni "aliyeingiwa na kiwewe", na kwa umati "waliotaharuki". "Grief-stricken" linahitaji kumwangalia mtu kwanza. Kama amefiwa, tuna neno kamili, mfiwa, lakini mfiwa ni hali yake katika msiba, si lazima iwe picha ya moyo wake. Mwandishi wa Kiingereza akisema "the grief-stricken father" anataka uone uzito. "Baba aliyelemewa na majonzi" inatosha. Na kumbuka aliyelemewa na majonzi anaweza asiwe amefiwa. Mtoto amepotea, hajapatikana. Ukimwita mfiwa umemzika mtoto wake kwenye karatasi.

"Poverty-stricken" ni fukara, hohehahe, masikini wa kutupwa. Hapa nina neno la moyoni. Mashirika ya misaada hulipenda sana neno hili kwenye ripoti zao, na nimelitafsiri mara nyingi kiasi cha kuchoka. Likisemwa kuhusu mtaa au kijiji, wakazi wake wote hufanywa kitu kimoja: waliopigwa na umaskini, wamelala chini, wanangoja. Nimekwenda kwenye baadhi ya vijiji hivyo na nyaraka mkononi. Nimekuta wanawake wanaocheza kibati, yaani upatu, kila Jumamosi na daftari lao limenyooka kuliko la ofisi iliyonituma. Ukilazimika kutafsiri, tafsiri. Ukiandika yako mwenyewe kwa Kiingereza, eleza kinachokosekana: maji yako umbali gani, mahindi ya msimu yamedumu miezi mingapi. Msomaji ataelewa.

"Drought-stricken" na "famine-stricken" lazima uyatenganishe, na hapa hatari ni kubwa kwa sababu neno letu njaa linabeba vingi. Mtu akichelewa chakula cha mchana ana njaa. Nchi ikikosa mavuno kuna njaa. Lakini "famine" kwa lugha ya Umoja wa Mataifa ina vipimo: angalau kaya 20 kati ya 100 zimekosa chakula kwa kiwango cha mwisho, zaidi ya watoto 30 kati ya 100 wana utapiamlo mkali, na watu wawili katika kila 10,000 wanakufa kila siku. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza hali hiyo katika sehemu mbili za kusini mwa Somalia, Bakool ya kusini na Shabelle ya Chini. Wakati huo huo kaskazini mwa Kenya kulikuwa na ukame mkali, lakini tangazo lile halikuihusu. Mwandishi wa Kiingereza aliyekuwa makini aliandika "drought-stricken" kwa upande mmoja na "famine-stricken" kwa mwingine. Mtafsiri aliyeandika "maeneo yenye njaa" kwa pande zote mbili alifuta mpaka kati ya mifugo kufa na watoto kufa. Sema "yaliyokumbwa na ukame" kwa la kwanza. Kwa la pili sema "yaliyokumbwa na baa la njaa", na neno baa usilidondoshe.

Nimebakiza jambo zito kuliko yote, la magonjwa na ulemavu.

Agosti 1921, Franklin Roosevelt, mwenye umri wa miaka 39, alikuwa mapumzikoni kisiwani Campobello alipougua ghafla, na miguu yake haikurudi tena kuwa na nguvu. Madaktari walisema ni polio. Vitabu vya Kiingereza huandika kwamba alikuwa "stricken with polio", na kwa siku zile za Agosti neno linakaa: kipigo cha ghafla, mtu kitandani. Lakini mtu huyo huyo alishinda uchaguzi wa urais wa Marekani mwaka 1932, akashinda 1936, akashinda 1940, akashinda 1944. Ukimwita "stricken" katika miaka hiyo umemrudisha kitandani kwa nguvu. Hivyo ndivyo ninavyolipima neno hili kwa wagonjwa: lina saa yake. Linafaa siku ya kipigo. Mtu akishaanza kuishi na hali yake, neno limekwisha muda.

Wanaoandika kuhusu ulemavu kwa Kiingereza wamekuwa wakishauri hili kwa miaka: usiseme mtu ni "stricken with" ulemavu fulani, wala "afflicted with". Sema anao. Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo, na mimi nimeiona ikipitwa. Nilipoanza kutafsiri vipeperushi vya afya tuliandika "waathirika wa UKIMWI" bila kufikiri. Leo tunaandika watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na Tanzania tumepata kifupi, WAVIU. Tuliandika zeruzeru, leo ni mtu mwenye ualbino. Wapo wanaosema haya ni mapambo ya ofisini. Siwaamini. Nilikaa kwenye kikao kimoja cha kupitia kipeperushi, na mama mmoja aliyekuwa akitumia dawa kwa miaka kumi na moja aliweka kidole kwenye neno "aliyekumbwa" na kuniuliza: "Hili limenikumba lini? Mimi asubuhi nimetoka shambani." Nilibadilisha kurasa zote.

Kwa hiyo ukikutana na "HIV-stricken" kwenye maandishi ya Kiingereza, una ruhusa ya kutafsiri maana bila kubeba kipigo, isipokuwa pale kipigo chenyewe ndicho habari. Kijiji ambacho katika miezi michache kimezika watu kumi kwa kipindupindu kimepigwa, na usilainishe. Andika "kilichokumbwa na kipindupindu". Mtu mmoja mmoja aliyepona kipindupindu kijijini hapo, huyo aliugua akapona, basi.

Namna ninavyofanya sasa, kila neno hili likija mezani: kwanza naangalia kama limekaa karibu na kumbukumbu au rejista, likiwa hivyo naandika kufutwa, nakwenda zangu. Kisha nauliza ni nini kilichopiga, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili kitatoka huko. Kisha nauliza ni lini, kama ni leo au ni miaka iliyopita. Mwisho nasoma sentensi kwa sauti nikijifanya ni ndugu wa aliyetajwa, nimekaa pembeni ya redio, sina habari nyingine yoyote ila hiyo.

Ile karatasi ya teleprinta ya mwaka 1994 ninayo bado, imekuwa ya njano. Mistari yake miwili nimeitafsiri upya mara nyingi, na hivi ndivyo ningeiandika usiku ule: "Meli ya pili ya kuvuta imeondoka bandarini jioni hii kwenda kuwanusuru mabaharia waliofikwa na dhoruba." Neno dhoruba halimo kwenye mistari ile miwili. Lilikuwa kwenye habari ya mchana, na ilikuwa juu yangu kuvuka chumba na kumwuliza mwenzangu.